Picha Waliyoianza Mende

Nianze na kosa langu, maana nikianza na sanaa nitajifanya mtu wa maana. Kosa lenyewe ni hili: nilibandika picha kwa maji ya mchele wa biriani.

Nyumbani kwetu Ijumaa ni biriani, na mchele wa biriani huchemshwa nusu kisha ukachujwa. Yale maji yanayobaki ni mazito, meupe, yana chumvi, iliki na vijiti vya mdalasini. Ijumaa ile unga wa muhogo niliokuwa napikia gundi uliniishia katikati ya kazi. Nje masika yalikuwa yanamwagika, Kariakoo yote tope, mikokoteni imekwama mpaka mlangoni kwetu. Nani atoke? Nikaiona sufuria ya maji ya mchele jikoni inasubiri kumwagwa, nikajiona mjanja. Nikayarudisha motoni mpaka yakawa uji, nikashuka nayo stoo, nikabandika ubao mzima wa plaiwudi, futi nne kwa sita. Stoo ikanukia kama kuna harusi.

Sasa kabla hamjanicheka, niwaambie kwa nini ubao ule ulikuwa roho yangu.

Nina miaka arobaini na moja na sijawahi kuishi nje ya jengo hili. Chini ni duka la baba la vitambaa, nyuma ya duka ni stoo, na ghorofa ya tatu ndiko tunakolala. Mtaani wanatuita Waarabu, ingawa nyumbani hakuna anayejua Kiarabu zaidi ya cha kuswalia. Tangu nimalize shule nasimama nyuma ya kaunta, nakunjua majora, napima, nakata. Maduka mengine wanatia mkasi kidogo halafu wanachana kwa mkono. Baba hataki. Kwa baba kitambaa kinakatwa kwa mkasi mwanzo mpaka mwisho, na kikipinda hata upana wa ukucha kinarudishwa kwako, na mteja amesimama pale anasikia unavyosemwa. Miaka zaidi ya ishirini nimesemwa. Leo hii nifunge kitambaa machoni, nipe mkasi, nitakukatia mstari ulionyooka.

Stoo niliiomba baada ya mama kufariki. Ilikuwa imejaa majora yaliyoharibiwa na unyevu na maboksi matupu. Nikaanza kubandika: mabaki ya vitambaa, karatasi za kaki za mifuko ya saruji, lebo za majora, kamba za katani, juu yake rangi ya ukutani iliyobaki kwa jirani. Sichori mtu, sichori mti. Ukiniuliza hii ni picha ya nini sina jibu, na swali hilo limeshanipandisha hasira kuliko swali lingine lolote hapa mjini.

Baba aliuvumilia mchezo wangu, ndivyo alivyouita, miaka mitatu. Hakuingia hata siku moja kutazama. Alikuwa anasimama mlangoni, anauliza kama kuna panya, anaondoka. Ila jicho lake lilikuwa kwenye ukuta wa nyuma, unaotazama kichochoro. Kariakoo ya sasa ukuta wowote wanaopita watu mbele yake ni fremu ya duka ambayo haijatobolewa, na baba ni mfanyabiashara, simlaumu kwa kuona. Namlaumu kwa mengine.

Ndipo akaja daktari. Ni mteja wetu wa siku nyingi, mwanamke wa Kihindi wa umri wangu, na mama yake alikuwa ananunua sari na vitambaa vya blauzi kwa baba tangu mimi mdogo. Alikuwa anafungua kliniki ya meno mjini, upande wa Kivukoni, na ukuta wa wagonjwa wanaposubiri ulikuwa mtupu. Siku hiyo alikuja kununua pazia, akaona mlango wa stoo uko wazi, akaingia bila hodi. Akakaa humo muda mrefu. Alipotoka akaniambia, "Dada, nataka moja kubwa. Sitaki twiga. Sitaki jua linazama. Mtu anaumwa jino, akiangalia kitu anachokijua anarudi kwenye jino lake haraka. Nataka kitu asichokijua."

Jamani, katika maisha yangu sijawahi kuambiwa maneno matamu kama yale. Mume sina wa kuniambia, na dukani nasemwa tu.

Akaongeza kwamba kliniki inafunguliwa baada ya wiki sita, na kaka yake tayari ana picha kubwa ya twiga iliyochapishwa, anaisukuma itundikwe pale. Kwa hiyo kama sitaweza, niseme mapema.

Baba alikuwa kaunta, amesikia yote. Jioni tukipandisha ngazi akasema, "Hii iwe ya mwisho kujaribu. Ukishindwa, stoo inatobolewa fremu, na wewe unarudi dukani asubuhi mpaka jioni, na mambo ya kubandika yaishe." Nikasema sawa. Nilisema haraka kabla sijafikiri, ndiyo kawaida yangu. Kwa hiyo ubao ule haukuwa picha tu. Ulikuwa stoo yangu, mlango wangu, mahali pekee katika jengo zima ambapo hakuna mtu anayeniambia nimepindisha.

Na shida yangu ndiyo hiyo hiyo: sikuweza kupindisha.

Ubao wa kwanza niliumaliza ndani ya wiki mbili. Nikamwita daktari kwa furaha. Akasimama, akarudi nyuma, akakunja mikono. "Ni nzuri," akasema, na mimi nikajua tayari, maana aliyependa kitu haanzi na neno hilo. "Lakini dada, hiki ni kitambaa cha meza."

Niliwaka. Alipoondoka nikautazama na kweli, ulikuwa kitambaa cha meza. Kila kipande kimenyooka, kila rangi imekaa kwenye mstari wake imetulia. Mkono wangu wa dukani ulikuwa umepita mle ndani ukasawazisha kila kitu.

Nikaanza kuhangaika. Nikaacha mkasi, nikachana kwa mkono. Karatasi ikachanika imenyooka, maana vidole vyangu vinajua njia. Nikajaribu kuchoma kingo kwa makaa ya ubani, na moshi ukapanda dukani ukamkuta baba na mteja wa vitambaa vya harusi. Niliyoambiwa siku hiyo siyarudii hapa. Nikasugua kwa msasa, kikatoka kitu kinachofanana na ubao uliosuguliwa kwa msasa. Nikamwaga rangi nimefumba macho, na nilipofumbua nikakuta nimemwaga katikati kabisa, kama niliyepima. Huko nje muuza viatu amewasha kipaza sauti, kinarudia bei ile ile tangu asubuhi, na mimi ndani natamani kupasua kitu. Watu wanafikiri kazi za namna hii ni kujiachia tu, unarusha rangi, umemaliza. Njoo ujaribu kujiachia wakati umefundishwa miaka ishirini kutojiachia.

Gundi nayo haikunionea huruma. Gundi ya mbao ya dukani inaacha madoa yanayong'aa na inakunja plaiwudi, na kwenye masika haikauki. Ndiyo maana nilirudi kwenye uji wa muhogo, ule tuliokuwa tunajalidia madaftari tukiwa shule. Unakauka bapa, karatasi inalala vizuri. Na ndivyo nilivyofika kwenye ile Ijumaa, na ile sufuria, na ule ujanja wangu.

Jumamosi na Jumapili duka lilijaa, sikushuka stoo. Jumatatu asubuhi nikafungua mlango, nikawasha taa.

Mende walikuwa wamekula picha yangu.

Si kuonja, kula. Lebo za majora upande wa kushoto zilikuwa zimebaki nusu nusu, herufi moja hapa, nyingine kule. Kaki ya saruji ilikuwa imekwanguliwa mpaka ngozi ya chini, mahali pengine mpaka ubao. Vinyesi vyao vyeusi vimesambaa kila mahali. Nikakaa juu ya boksi nikalia, na si kilio cha huzuni, kilio cha hasira, kile cha kupiga miguu chini. Wiki tatu zimebaki, na mimi nimewapikia wadudu wa Kariakoo biriani.

Nililia mpaka nikachoka. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimekaa mbele yake na sina la kufanya, nikaangalia.

Pale walipokula hakukuwa na ukingo hata mmoja ulionyooka. Kaki ilikuwa inaishia polepole, inakuwa nyembamba, inakuwa ukungu, halafu haipo, na buluu ya chini inatokea bila kupiga kelele. Pale lebo nyekundu zilipopandana, walikuwa wamekula ya juu wakaacha ya kati, wakatoboa mpaka ya tatu. Niseme ukweli, na ukweli huu uliniuma: ilikuwa nzuri. Mimi mwenye akili zangu nimehangaika wiki tatu, na mende wamemaliza shida yangu kwa siku mbili bila hata kuniuliza.

Nikafuta vinyesi kwa brashi, nikapiga picha kwa simu, nikamtumia daktari. Akanijibu kwa sauti, anapiga kelele: "Hii! Hii ndiyo! Umefanyaje?"

Nikamwandikia: "Ni mbinu."

Basi nikawa na washirika. Mende ni wa usiku, mimi ni wa asubuhi, hatukuonana, lakini tulifanya kazi vizuri kuliko ninavyofanya na baba. Niligundua nikipaka vanishi hawagusi, kwa hiyo nilichotaka kibaki nilikipaka vanishi. Nilichotaka kiliwe nilikipaka uji wa mchele mzito, mara mbili. Upande wa kulia, unaotazama dirisha, hawakuufuata. Wa kushoto, niliouegemeza ukutani gizani, waliumaliza. Kwa hiyo nikaanza kuwafunikia kwa maboksi: hapa giza, hapa mwanga. Kila asubuhi nafungua mlango: leo wamefanya nini? Siku nyingine walikula nilichokuwa nakipenda, nikawatukana mbele ya ukuta mtupu. Lakini hata walipokosea ilinibidi nifikiri: sasa shimo hili nitalijibu kwa kitu gani? Nikaweka kipande cha kitenge chini yake, au uzi wa katani, au nikaacha. Sikuwahi kufikiri hivyo nikiwa na mkasi mkononi.

Nusu ya kushoto ikakamilika. Nikageuza ubao, nikapaka nusu ya kulia, zikiwa zimebaki siku kumi.

Siku hiyo hiyo ujumbe ukaingia kwenye kundi la simu la jengo letu. Anayelisimamia ni mama wa ghorofa ya pili, mjane, mtu wa usafi, mwenye sauti ambayo haihitaji simu. Wapangaji wote wajiandae, watu wa dawa wanakuja Jumamosi kupuliza jengo zima, chini mpaka juu, mende wamezidi.

Nilipandisha ngazi mbili mbili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeona ujumbe?"

"Nimeona. Nilikuwa naomba isogezwe mbele. Wiki moja tu."

"Kwa nini? Kuna mgonjwa?"

Hapo ndipo ningesema uongo mzuri, kwamba kuna mzio, kuna mgeni mwenye pumu. Lakini mimi nikiwa na haraka ulimi unanitangulia. "Nawahitaji," nikasema.

"Unawahitaji nani?"

"Mende."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mtume! Unafuga mende?"

"Sifugi! Wanakuja wenyewe!"

"Na unawalisha?"

Nikanyamaza sekunde moja zaidi ya inavyotakiwa, na sekunde hiyo iliniua. Mpaka adhuhuri jengo zima lilikuwa linajua kwamba binti wa muuza vitambaa anafuga mende stoo na anawapikia uji. Kuna aliyesema ni dawa ya kienyeji. Kuna aliyesema upweke, aolewe. Mteja mmoja alimuuliza baba kama majora yake ni salama, na baba akapanda juu akanikuta nakunja nguo, akasimama mlangoni, akasema neno moja tu, "Uji?" Nikakunja upya shati nililokuwa nimeshalikunja.

Jumamosi wakaja na mitungi yao mgongoni. Nilibeba ubao mimi mwenyewe mpaka juu, nikauweka sebuleni nimeufunika shuka, na nikasimama kwenye dirisha nikisikia dawa inavyopanda ngazi. Jumapili niliporudi stoo niliwakuta sakafuni, migongo chini, miguu juu. Nikawafagia. Nawaapia nilifagia na moyo mzito, na nilijichukia kwa huo moyo mzito, maana tangu utotoni sijawahi kumpenda mende.

Siku nane zimebaki. Upande wa kushoto unapumua. Upande wa kulia ni kitambaa cha meza kimepakwa uji. Nikaurudisha stoo, nikauacha siku mbili nione kama kuna aliyepona. Hakuna. Dawa yao ilikuwa ya kweli, kitu ambacho Kariakoo hakipatikani kirahisi, ila siku ambayo mimi sikitaki. Nilifika mahali nikafikiri kwenda Feri, kule wanakokaanga samaki, nikamate wachache kwenye kopo nije nao. Nilishavaa na viatu. Nikajiona kwenye kioo cha ngazini, mwanamke mzima, baibui, kopo mkononi, nikarudi ndani nikavua viatu.

Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikachukua miwani ya baba ya kusomea, nikaanza kuangalia walichofanya wale wadudu, sehemu kwa sehemu, pua inagusa ubao. Siyo kuangalia kwa kupenda. Nilikuwa nawaangalia kwa wivu.

Na nikaona kitu ambacho kama nisingekuwa na hasira nisingekaa muda wa kutosha kukiona. Mende hakati. Mimi maisha yangu yote nilikuwa nakata, hata nilipochana nilikuwa nakata. Mende anaanza pale gundi imelegea, anakwangua ngozi ya juu, anakwenda mpaka panapogoma, anaacha, anaanza kwingine. Hajui ukingo uko wapi. Ukingo unabaki baada ya yeye kuondoka.

Nikalowanisha kidole, nikagusa kaki, nikasubiri. Nikasugua kwa kidole gumba. Karatasi ikaanza kujiviringa vipande vidogo vidogo kama tambi, ngozi ya juu ikatoka, ya chini ikabaki. Nikaendelea, nikasogea nyuma kutazama. Mtume! Kidole gumba kilikuwa kimekwenda moja kwa moja, kimenyooka, kama kimepigiwa rula.

Nilirusha miwani. Haikuvunjika, bahati ya baba.

Halafu nikahamia mkono wa kushoto. Sikufikiria kitu kikubwa, nilihama tu kwa sababu wa kulia nilikuwa nimeuchukia. Nyumbani kwetu mkono wa kushoto hauli, hautoi, haupokei, na dukani haujawahi kushika mkasi. Ulikuwa haujui kitu. Ukaanza kusugua, ukapotea, ukarudi, ukagoma penye gundi nzito, ukazunguka. Nilipotazama, ukingo ulikuwa umepinda vizuri na hakuna aliyeusema.

Siku nne nilisugua kwa kidole gumba cha kushoto. Ngozi ilitoka, nikafunga plasta, plasta inateleza, nikaifungua. Kulikuwa na mahali mkono ulikosea ukatoboa mpaka ubao, na nikagundua siwezi kurudisha, karatasi iliyokwanguliwa haina radhi. Basi nikabandika uzi wa katani juu yake, na ule uzi ukadai mwenzake upande wa pili, na mwenzake ukaharibu buluu, nikaifuata buluu siku nzima. Kila nilichotatua kilizaa kingine. Nilikuwa nalaani kwa sauti. Lakini sikuwahi kuwa na mawazo mengi namna ile. Yalikuwa yanakuja kwa sababu kila mlango niliougusa ulikuwa umefungwa, ikabidi nitafute dirisha. Sisemi ilikuwa raha. Ilikuwa inaudhi mno.

Mwisho nikapaka vanishi mbele na nyuma, mara tatu, asije mdudu yeyote akaendelea na kazi nisiyomtuma.

Tuliutundika siku moja kabla ya ufunguzi. Daktari akasimama mbele yake. Dirishani pantoni inavuka kwenda Kigamboni, hakuitazama. Akatembeza kidole hewani kutoka kushoto kwenda kulia, akarudi. "Uliniambia ulianza upande mmoja ukamalizia mwingine," akasema. "Uliungia wapi?"

Nikasogea kumwonyesha. Nikatafuta. Nikapita pale katikati nilipoamini pana mpaka, nikapita tena, na sikupaona. Nilicheka peke yangu mpaka fundi wa umeme akageuka. Yule twiga wa kaka yake alikuwa sakafuni bado yumo kwenye nailoni yake.

Nilirudi Kariakoo kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kidole kinaniuma, nimefurahi kijinga. Baba alikuwa anakunja jora.

"Imekubaliwa," nikasema.

"Alhamdulillahi." Akaacha jora, akanishika bega, kitu asichokifanya. "Hongera mwanangu. Umeweza." Halafu akalichukua tena lile jora. "Basi nimwambie fundi aje Jumatatu."

"Fundi wa nini?"

"Wa kutoboa ukuta wa stoo."

Nilidhani ananitania. Baba hatanii. "Baba, tulisema nikishindwa!"

"Ndiyo. Na hukushindwa. Ndiyo maana sikurudishi dukani asubuhi mpaka jioni, siku zako ni zako." Alikuwa anaongea kwa upole, kwa kunipa, na hilo lilinichoma kuliko kelele. "Ulitaka kumaliza picha, umemaliza. Mtu akishamaliza gauni anaendelea kukalia cherehani?"

"Anashona lingine!"

"Basi shona. Juu kuna sebule."

"Kwenye makochi ya mama?"

Akarudisha macho kwenye jora. Na mimi, kwa mara ya kwanza katika miaka yangu arobaini na moja, nikampandishia baba yangu sauti mbele ya wateja. Nilimwambia kwamba hajawahi hata siku moja kuingia mle ndani. Kwamba anajua kila jora la duka hili kwa kugusa gizani na hajui rangi moja niliyoiweka mimi. Kwamba nilidhani nikiweza atauliza nimewezaje, na kumbe alikuwa anasubiri nimalize tu aondoe vitu. Mteja mmoja akaweka kitambaa chini taratibu, akatoka. Baba akasema, "Fundi anakuja Jumatatu," na kweli alikuja, na vumbi la ule ukuta lilikaa kwenye majora wiki nzima.

Sebuleni sikwenda. Nilibeba vitu vyangu mpaka pale ngazi zinapokata kona, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, penye dirisha. Nikaegemeza plaiwudi ukutani, nikaweka ndoo, nikaanza upya. Njia ikawa nyembamba, kila anayepanda lazima apite ubavu. Mama wa ghorofa ya pili alilalamika kwenye kundi, akatuma sauti ya dakika tatu, sikuifungua. Nilitaka wabanwe. Nilitaka hasa abanwe mtu mmoja.

Wiki ya pili baba akawa anapanda baada ya alasiri. Magoti yanamsumbua, akifika kwenye kona ile lazima apumzike, ashike ukuta, na ukuta wenyewe sasa ulikuwa na ubao wangu. Akasimama. Sikugeuka, niliendelea kusugua, mgongo wangu kwake. Nilimsikia anavyohema, kisha pumzi ikatulia, na hakuondoka. Akakaa pale muda mrefu kuliko magoti yanavyohitaji.

"Hiyo nyeusi," akasema.

Nikasugua kwa nguvu zaidi.

"Hiyo ya chini kulia. Inaivuta yote huko."

"Sijakuuliza, baba."

"Hujaniuliza," akakubali. Akapita ubavu, akapanda taratibu, ngazi moja, anapumzika, nyingine.

Nikasubiri mpaka nikasikia mlango wa juu umefungwa. Halafu nikalowanisha kidole, nikaanza kuikwangua ile nyeusi, machozi yananitoka kwa hasira, kwa sababu alikuwa sahihi, na kwa sababu jicho hilo alikuwa nalo miaka yote mitatu aliyokuwa anaishia mlangoni mwa stoo.